Upawa Unazama Wapi? Majibu kwa Wanaotengeneza Filamu za Shule

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza kuhusu filamu za kuchekesha za makundi ya shuleni: nani staa, nani anakaa na nani, nani anasengenywa. Baadhi yenu mnataka kuzielewa mlizozitazama. Wengi zaidi mnataka kutengeneza ya kwenu. Barua zinazofanana tumeziunganisha.

Shikamooni. Mimi na mwenzangu tunabishana juu ya Mean Girls, ile filamu ya Kimarekani ya msichana mgeni anayeingia kwenye kundi la mabinti watatu wanaotawala shule. Yeye anasema ni kisa cha kweli cha Chicago, mimi nasema ni cha kutunga. Na kwa nini yule msichana anawasalimia watu "Jambo"?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Marahaba. Umeshinda wewe. Chanzo chake ni kitabu cha Rosalind Wiseman, Queen Bees and Wannabes, kilichotoka 2002, na hicho si riwaya. Ni kitabu cha kuwashauri wazazi kuhusu urafiki na ugomvi wa wasichana wao, hakina steringi wala adui. Tina Fey alikichukua, akabuni wahusika, akaandika skripti, kisha akaigiza mwenyewe kama mwalimu wa hisabati. Mwongozaji alikuwa Mark Waters. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 30 Aprili 2004, ina dakika 97. Hadithi imewekwa Evanston, mji wa jimbo la Illinois unaopakana na Chicago, ila sehemu kubwa ilipigwa Toronto, Kanada. Kwa hiyo mwenzako kakaribia mtaa, nyumba hakuiona.

Hiyo "Jambo" ni mzaha juu ya ugeni wake. Cady, ndiye huyo msichana mgeni, amekulia Afrika na wazazi watafiti wa wanyama, amesomeshwa nyumbani, hajawahi kukanyaga shule hadi ana miaka 16. Anawaona wanafunzi weusi wa Kimarekani, anadhani wataielewa salamu, wanamshangaa. Kicheko kinamwangukia yeye. Sisi tunaosema Kiswahili tunapata na kicheko cha pili, kwa sababu "jambo" tupu ni salamu ya kumpokelea mtalii pale Mnara wa Saa. Mwanafunzi kwa mwanafunzi ni "mambo" au "niaje", na jibu ni "poa" au "freshi". Anayeandika mhusika mgeni aichukue hiyo kama somo: mgeni hujulikana kwa salamu aliyoikosea kabla hajajulikana kwa nguo.

Habari za kazi. Klabu yetu ya sanaa ina wanafunzi 18 na tunataka kutengeneza filamu ya kuchekesha ya dakika 12. Skripti tunayo, kurasa 31. Kuna meza za kantini, washangiliaji wa mpira wenye vishada mkononi, na malkia wa dansi anavishwa taji. Wanafunzi wakiisoma wanacheka kidogo, halafu wanasema "hii siyo sisi". Tufanyeje?
*Mwalimu wa klabu ya sanaa, Pasua, Moshi*

Mwalimu, wanafunzi wako wamesema kweli, wasikilize. Tuanze na hesabu. Skripti iliyopangwa vizuri hukadiriwa ukurasa 1 kwa dakika 1, hivyo kurasa 31 ni nusu saa. Wakalishe waisome kwa sauti, wakitembea pale panapotaka kutembea, wewe umeshika saa. Utajua ukweli siku hiyo hiyo.

Sasa kubwa. Meza za kantini zinachekesha Marekani kwa sababu kule mwanafunzi hubeba sinia lake na kuchagua pa kukaa mbele ya shule nzima. Hapo ndipo cheo chake kinapoonekana. Shule yako ina mahali pake pa namna hiyo, na kazi ya kwanza ni kupatafuta. Wekeni skripti kando kwa siku 5. Wanafunzi 4 wachukue daftari, mmoja akae getini asubuhi, mwingine paredi, mwingine mapumziko ya chai, wa mwisho foleni ya bwalo. Waandike nani anasimama wapi, nani anabebewa mkoba, nani anapishwa njia, nani ananunuliwa maandazi. Wasiandike jina la mtu, watumie herufi tu. Daftari lenye majina halisi litaleta kesi ofisini kabla kamera haijawashwa.

Wakirudi mtakuwa na makundi mengi kuliko mnavyohitaji: vipanga wanaopiga msuli hadi usiku, watoto wa geti wanaoshushwa na gari, wa kutwa wanaoingiza habari za mtaani, wana-UMISSETA wa michezo ya shule za sekondari, viranja, kwaya, njuka waliofika juzi na tranka jipya. Dakika 12 zinabeba makundi 3. Ukiweka 5 mtazamaji anatumia muda wake wote kukumbuka nani ni nani, na asiyejua nani ni nani hacheki. Kila kundi lipeni mahali pamoja pa kukaa, kitu kimoja wanachomiliki, sheria moja na hofu moja. Hofu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayoleta kichekesho. Kipanga anayeogopa kupitwa kwa alama 1 anachekesha. Kipanga mwenye miwani tu hachekeshi.

Kisha tafuteni kipimo cha cheo ambacho mtu anaweza kukiona bila kuambiwa. Tunakupa mfano mmoja, ubadilishe upendavyo. Siku ya makande au ugali maharage, tazama upawa. Akija kiranja, upawa unazama hadi chini ya sufuria na unapanda na maharage. Akija wa kidato cha tatu unafika katikati. Akija njuka unapita juu juu, unachota mchuzi. Shoti 3 za upawa, kila moja sekunde 3, hakuna mtu kusema neno, na shule nzima imeshaelezwa. Ukurasa wa 5 steringi wako akianza kupanda, upawa uleule unazama kwa ajili yake. Ukurasa wa 10 ameanguka, unapita juu. Mtazamaji wa Pasua ataangua kicheko kwa sababu amewahi kupewa huo mchuzi.

Washangiliaji waondoeni kabisa. Malkia wa dansi naye aende, mahali pake wekeni uchaguzi wa viranja. Shule zetu zinao kweli, una kampeni, hotuba, kura na ahadi zisizotekelezeka, na "dada mkuu" ni cheo ambacho mtu anaweza kukitaka mpaka akamsahau rafiki. Mkitaka sherehe mwishoni, mahafali yapo. Ila mahafali yanataka watu wengi kwenye picha, na watu wengi ni kazi. Kwa watu 18 pigeni kutoka nyuma ya jukwaa, safu 2 za vichwa mbele ya kamera na makofi yaliyorekodiwa pembeni. Ukumbi utaonekana umejaa.

Ratiba pia. Vidato vya pili na vya nne vina mitihani ya taifa Novemba, kwa hiyo kuanzia Septemba utawapoteza waigizaji mmoja mmoja. Machi hadi Mei ni masika. Julai na Agosti ndizo zenu, na lile wingu la asubuhi la Moshi linalowaudhi watalii wanaotaka kuuona mlima ni rafiki wa kamera, linalainisha mwanga usoni. Jua likiwaka, pigeni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Saa 6 mchana jua liko utosini na macho yanageuka mashimo meusi.

Shuleni kwetu wasichana wote tumenyoa na sare ni moja. Mtazamaji atamjuaje staa wa shule?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kijenge, Arusha*

Sare inakusaidia kuliko unavyofikiri. Pale kila mtu alipovaa sawa, tofauti ndogo inapiga kelele. Tazama sweta. Tafuteni 3 za rangi ya shule: moja mpya, moja iliyopauka kiasi, moja iliyorithiwa kwa dada, imeshonwa kwenye kiwiko. Za zamani zinapatikana kwa bei ya chini kwenye mitumba ya Kilombero, na wenzenu wa Moshi wana Memorial. Staa anavaa mpya, steringi anaanza na ya kiwiko. Wakati anapanda, mmoja wa kundi anamwazima sweta yake. Siku anayotemwa, anadaiwa airudishe palepale paredi, asubuhi ya baridi. Hiyo ni sini nzima na haihitaji mistari zaidi ya 2.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchagua alama ndogo mno, kama hereni ya nukta au chapa ya kalamu. Filamu yako itatazamwa kwenye simu. Alama isiyoonekana ukiwa hatua 5 kutoka kwa mwigizaji, iache. Sweta iliyofungwa kiunoni inaonekana, mkoba wa bega moja unaonekana, na vilevile soksi zilizovutwa hadi goti kando ya zilizoshuka. Alama iwe moja kwa kundi, irudiwe bila kuchoka. Kabla ya kila sini mpige kila mwigizaji picha ya mwili mzima. Mkono wa sweta uliokunjwa Jumamosi na kukunjuliwa Jumapili, ndani ya mazungumzo yaleyale, unaonekana na kila mtu isipokuwa aliyeuhariri.

Umeuliza pia kwenye barua yako kama masengenyo yapitie WhatsApp. Kama shule yenu hairuhusu simu, usiiweke. Mean Girls ya 2004 ilitumia kitabu cha karatasi chenye matusi juu ya kila mtu, na kwingi duniani mambo hayo yamehamia kwenye simu. Katika bweni lisilo na simu karatasi bado ina nguvu yake: inapita chini ya dawati, inafichwa kwenye tranka, inaokotwa na matroni. Kwako daftari ni la kuaminika zaidi, na kamera inalipenda kuliko kioo cha simu.

Tumeshuti darasani siku nzima, picha nzuri, lakini sauti ni kama watu wako ndani ya pipa. Mvua iliponyesha kidogo ndiyo hatukusikia kitu.
*Kikundi cha vijana, Ngarenaro, Arusha*

Darasa la sakafu ya saruji, kuta tupu na bati bila dari ni pipa kweli. Sauti inagonga kila upande na kurudi, na maiki ya simu iliyo mita 3 kutoka kwa mwigizaji inazipokea zote pamoja. Dawa ni kusogea. Maiki ikae kati ya sentimeta 30 na 50 kutoka mdomoni. Chukueni simu ya pili, izimwe mtandao, iwekwe kwenye kurekodi sauti na ifichwe kwa mwigizaji. Isikae mfuko wa sweta, sufu ikisuguana italeta mkwaruzo kila akipumua. Ibandikeni kwa plasta ndani ya shati, nyuma ya tai. Mwanzo wa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili wakati wa kuhariri mlinganishe kofi la picha na kofi la sauti.

Mwangwi wenyewe unapunguzwa na blanketi. Azimeni 6 nzito za bweni, mzitundike kwenye kamba nyuma ya kamera na pembeni, nyingine mtandike sakafuni pasipoonekana. Mkimaliza kila chumba, wote wanyamaze na mrekodi ukimya wa sekunde 30. Ukimya huo ndio mtakaoutumia kuziba mapengo, la sivyo kila mkato utasikika kama redio inayozimwa na kuwashwa.

Mvua juu ya bati haina dawa. Subirini, au mwandike upya sini iwe barazani na mvua iwemo kwenye hadithi.

Video za bwaloni zina mistari inayopanda na kushuka. Simu imeharibika?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Simu ni nzima. Taa za tyubu zinafuata umeme wetu wa Hz 50, simu nyingi zinarekodi picha 30 kwa sekunde, mapigo hayo mawili hayalingani. Weka picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Simu isiyo na chaguo hilo, pakua programu ya kamera yenye mpangilio wa mkono, au zima taa ufungue madirisha. Na kabla hujaanza angalia nafasi: video ya kawaida ya 1080p inakula kati ya MB 100 na 150 kwa dakika. Filamu ya dakika 12 ambayo kila shoti imerudiwa wastani wa mara 8 ni dakika 96, yaani GB 10 hadi 15. Kadi ya GB 32 inatosha. Nakala ya pili iwe kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Binti yangu wa kidato cha pili amepewa nafasi ya msichana mbaya, yule anayewatesa wenzake. Amefurahi sana. Mimi naogopa jina hilo litamganda, na kuna daftari la matusi wanaloliandika kwa ajili ya filamu. Nimkataze?
*Mama mzazi, Rau, Moshi*

Mama, usimkataze kabla hujaongea na mwalimu. Hofu yako ina msingi, ila inatibika kwa mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya wiki hii.

Jina la mhusika liwe ambalo hakuna mwanafunzi wa shule hiyo analo. Mwongozaji akisema "kata", binti aitwe kwa jina lake papo hapo. Sweta ya mhusika ivuliwe na ikabidhiwe kwa mtunza vifaa, asitembee nayo mapumziko. Sini ya kumdhalilisha mwenzake isirudiwe zaidi ya mara 3 wote wawili wakiwemo. Zikihitajika shoti zaidi, apigwe yeye peke yake akimsemesha mwalimu aliyesimama pembeni ya kamera, na yule anayetukanwa akapumzike. Mtoto anaweza kuumia sini ikirudiwa mno, pale maneno yanapoanza kutoka bila kuigizwa.

Daftari ndilo linalotutia wasiwasi kuliko nafasi ya binti yako. Vifaa vya namna hiyo hugeuka vya kweli. Linaachwa juu ya dawati, mtu anaongeza mstari juu ya mtu halisi, jioni kuna anayelia bwenini. Mwombe mwalimu aliandike yeye mwenyewe, kurasa 6 tu, juu ya wahusika wa filamu pekee, bila kugusa maumbile ya mtu, kabila, ugonjwa wala umaskini wa nyumbani. Kurasa zilizobaki zigundishwe. Lifungiwe kabatini kila baada ya shoti, na upigaji ukiisha lichanwe wote wakiona.

Halafu kuna ridhaa. Binti hajatimiza miaka 18, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo ni mtoto. Dai karatasi ya kusaini inayosema filamu itaonyeshwa wapi. Kuionyesha siku ya wazazi ni jambo moja, kuiweka YouTube ni jambo jingine, na kila moja lina sahihi yake. Una haki ya kukubali la kwanza na kukataa la pili.

Neno moja kuhusu nafasi yenyewe. Mwalimu mwenye jicho huipa nafasi ya adui kwa mtoto anayependwa, kwa sababu wenzake wanaona wazi kwamba anaigiza. Muulize kama ndivyo alivyochagua. Na kama skripti haina hata sini moja inayomwonyesha mhusika huyo akiwa nyumbani, akiogopa kitu, binti yako aiombe. Itamsaidia yeye na itaisaidia filamu.

Tunahitaji kibali? Na tunaweza kuweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma?
*Wanafunzi wa chuo, Njiro, Arusha*

Mkuu wa shule kwanza, kwa maandishi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inaweka upigaji na uonyeshaji wa filamu chini ya Bodi ya Filamu Tanzania, kwa hiyo pitieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri kabla hamjapanga tarehe. Wimbo ni mali ya mtu, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Bila idhini msiuweke. Ngoma ya dawati, filimbi ya skauti na kwaya ya shule ikiimba wimbo iliyoutunga yenyewe vinatosha, na vinasikika kama shule.

Tumemaliza, tumeonyesha kwa majaribio, watu hawakucheka. Mwenzetu ameshauri tuongeze sauti za vichekesho, zile za "toing".
*Klabu ya filamu, Soweto, Moshi*

Msiongeze. Sauti hiyo inamwambia mtazamaji acheke, naye akishaambiwa anagoma. Kwanza irudieni skripti. Isomeni mbele ya wanafunzi 10 wa kidato cha kwanza wasioijua, mmoja wenu akae nyuma na kalamu, aweke alama kila wanapocheka. Palipo na mstari mlioudhani mtamu na hakuna alama, sababu ni moja kati ya mbili: kilichotakiwa kujulikana kabla hakijatajwa, au mmekieleza kichekesho baada ya kukisema. La pili linatibika kwa kufuta. La kwanza linataka mrudi ukurasa 2 au 3 nyuma mkapande mbegu.

Ondoeni mizaha ya Mchaga na pesa, na ya mlinzi Mmasai. Imechakaa, na kwenye filamu ya makundi inaiba kazi, maana mtazamaji anacheka kabila badala ya kucheka sheria za kundi lenu.

Kisha tazameni mikato. Wahariri wapya wanakata haraka kwa woga. Mtu akisema neno la kijinga, kaeni kwenye uso wa anayemsikiliza sekunde 1 nzima kabla ya jibu. Baada ya kicheko kikubwa wekeni sekunde 2 zisizo na maneno, mtu ajaze kikombe au afunge kamba ya kiatu, kwa sababu bwalo la watu 300 likicheka, mstari unaofuata hausikiki. Uvumi unaopita mdomo hadi mdomo ufanyeni mfupi kila unapohama: shoti ya kwanza sekunde 4, ya pili 3, ya tatu 2, halafu 1, halafu simamisheni kwenye uso wa anayesemwa na mkae hapo sekunde 5 bila sauti. Mkipunguza sekunde 5 hizo kuwa 2, sini nzima inakufa, nasi tumeitazama ikifa mara nyingi.

Mwisho, jaribuni tena kwa watazamaji wasio ndugu zenu. Kibanda umiza cha mtaani kinafaa sana, mwenyewe akikubali kuwapa dakika 12 kabla ya mechi. Simameni pembeni ya skrini mkiwa mmewaelekea watu, msitazame filamu. Pale watakapoinamia simu zao, andikeni dakika na sekunde, na hapo ndipo pa kuanzia kukata.